Huyu si wa mradi tena

Muuguzi hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameshavua glavu na anajaza ile rejista yenye safu nyingi kuliko upana wa meza. Mama mdogo alikuwa bado nyuma ya pazia anajifunga kitenge. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje, mlango uko nusu wazi. Mwenzake akamuuliza fomu ya huyu mama aiweke kwenye faili lipi, la kijani au la kawaida.

"La kawaida," akajibu, macho yako kwenye karatasi. "Huyu si wa mradi tena."

Ilikuwa Novemba 2024, katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini ambayo sitaitaja. Siku ile sentensi ilinipita tu, kama zinavyopita sentensi nyingi za hospitalini. Ilirudi wiki kadhaa baadaye, na tangu irudi haijaondoka. Mama mdogo ameniruhusu niandike, kwa masharti mawili: jina lake lisiwepo, na nisimfanye wa kusikitikiwa.

Nitajitahidi kwenye hilo la pili.

## Kipande cheupe, kidonda chekundu

Mama mdogo alikuwa wa mradi, ule wa VVU, tangu 2009. Ana kadi ya CTC, kliniki ya huduma na tiba ya VVU, kadi iliyochakaa pembe, ana namba yake, na dawa alizichukua kila mwezi, ikawa kila baada ya miezi mitatu, ikawa sita. Wingi wa virusi ukipimwa, havionekani. Akipitiliza siku mbili hajatokea kliniki, simu inaita. Kwa Njombe hayo si mambo ya mtu mmoja mmoja. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa wetu, wakati kwa nchi nzima ni 4.4. Kila ukoo una kadi zake, hata kama zimefichwa chini ya godoro.

Siku ile waliwaita wanawake wa CTC kupimwa mlango wa kizazi kwa siki. Waliopitia wanajua: muuguzi anapaka siki, anasubiri kama dakika moja, anamulika. Panapogeuka peupe pana mashaka. Pakiwa padogo panachomwa au pananyweshwa baridi ya tiba mgando siku hiyo hiyo, bila malipo, mtu anarudi kwake kupika.

Kwa mama mdogo hapakuwa na kipande cheupe. Palikuwa na kidonda, na kilitoa damu kilipoguswa.

Kipande cheupe ni cha mradi. Kidonda ni cha ukoo.

Nilichukua muda kuelewa mstari huo unapita wapi hasa. Kwenye mlango wa kizazi seli zilizoharibika hukaa juu juu kwa miaka, zimezuiwa na utando mwembamba ambao huwezi kuuona kwa macho. Zikiwa upande wa juu zinaitwa dalili za awali. Zikivuka zinaitwa saratani. Na mlipaji naye hubadilika hapo hapo kwenye utando. Fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ambazo tangu 2018 zilitengewa fungu la mlango wa kizazi kwa wanawake wenye VVU katika nchi kadhaa za Afrika, na baadaye Tanzania ikaingizwa humo, zililipia kupima na kutibu hizo dalili za awali. Saratani yenyewe ilikuwa nje ya fungu.

Sisemi lilikuwa jambo dogo. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kupata saratani hii mara sita zaidi ya asiye na VVU. Wako wanawake wengi waliochomwa kipande cheupe hawatajua kamwe walikoponea.

Lakini mpaka wa fedha unapita ndani ya mwili wa mtu, na mtu mwenyewe hausikii unapovukwa.

Najua pia kwamba sera yetu inaiweka saratani kwenye magonjwa yenye msamaha wa malipo. Msamaha ni neno zuri sana likiwa ukutani. Ukishuka chini kuna kinyama cha kupimwa maabara, kuna kusubiri majibu ya kinyama wiki tano, kuna picha, kuna damu, kuna mahali pa kulala, kuna nauli ya wawili kwa sababu mgonjwa hasafiri peke yake. Tuliuza robo tatu ya eka ya paini iliyobakiza miaka minne ikomae. Mnunuzi aliipapasa miti kama mtu anayenunua ndama mgonjwa, akataja bei yake, na hatukuwa na nguvu ya kubishana.

## Nilinyamaza

Januari tulishuka Dar es Salaam, stendi ya Magufuli, usiku, tukalala kwa binamu Gongo la Mboto, asubuhi daladala hadi Posta na kutoka hapo kwa miguu mpaka Ocean Road, hospitali ya saratani. Lile jengo jeupe la Wajerumani la 1897 bado linatazama bahari. Mama mdogo alikuwa hajawahi kuiona bahari, akasimama akaitazama kidogo, akasema ni kubwa ila haina kazi.

Mpango ulikuwa mionzi siku ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki. Kabla ya kila dripu wanapima damu waone figo. Wiki ya tatu daktari aliitazama karatasi ya majibu muda mrefu kuliko kawaida.

"Mama, kuna dawa nyingine yoyote unatumia nyumbani?"

"Vitamini," akasema mama mdogo.

Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilijua. Nimejua tangu 2014, nilipomfuatia dawa kipindi amevunjika mguu. Ninajua anazihamisha kutoka kwenye kopo zisije zikalia kama njuga kwenye mkoba, anazifunga kwenye pindo la kitenge. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemwona akimeza.

Nikanyamaza.

Daktari akaandika kitu, akasema dripu ya leo isubiri, warudie damu kesho kutwa. Tukatoka.

Sina la kujitetea. Nilidhani namlindia heshima. Na kwa kweli kulikuwa na kitu cha chini zaidi: niliona aibu kusema neno lile mbele ya kijana wa makamo yangu mwenye koti jeupe, kana kwamba ningelisema lingenihusu na mimi. Miaka kumi na mitano ya semina, mabango na vipindi vya redio, na bado.

Nje, chini ya mti, nilimwambia, "Mama mdogo, turudi tumwambie."

"Nimwambie nini? Barua haikusema."

Ni kweli. Barua ya rufaa haikusema. Iliandikwa na idara ya kina mama kule tulikotoka, na kumbukumbu zake za VVU zilikuwa chumba kingine, kwenye kompyuta ya mradi, zimehifadhiwa vizuri kuliko karatasi yoyote katika jengo lile. Miaka kumi na tano ya maisha yake, kila kipimo, kila kidonge, ilikuwa mita thelathini kutoka kwa aliyeandika barua. Yule wa rufaa hakuuliza, huyu wa CTC hakuulizwa, mgonjwa akachukulia kwamba kama wakubwa hawakuliandika basi si lazima.

"Wangetaka wajue wangeandika," akasema.

Tukarudi. Akafungua fundo la kitenge, akaweka vidonge mezani. Daktari hakushangaa wala hakugomba. Alikitambua kidonge kwa macho: kile kimoja chenye dawa tatu ndani, tenofovia, lamivudini na dolutegravia, ambacho watu wengi wenye VVU nchini kwetu wanakunywa. Akatueleza kwa lugha ya kawaida kabisa. Tenofovia inaweza kuielemea figo. Sisplatini inaielemea zaidi. Kila moja peke yake inaangaliwa na inavumilika, lakini zikikutana bila mtu kujua ndipo figo zinapoanza kuchoka. Tenofovia akaibadilisha kwa abakavia, akaongeza maji, dripu ikaendelea wiki iliyofuata.

Nusu saa ya kazi. Kidonge kimoja kimetoka, kingine kimeingia.

Figo halijui mradi wala faili la kijani.

## Methali nisiyoitaka

Binamu, tulipomsimulia, akatoa ile ya mficha maradhi na kilio kumfichua. Nimeisikia methali hiyo kwenye kila semina ya UKIMWI niliyowahi kukaa, na safari hii ilinikera. Inamkuta mgonjwa peke yake na kumwachia mzigo wote. Mama mdogo hakuwa ameficha maradhi. Alikuwa ameyaandikisha serikalini mwaka 2009. Waliokuwa wamefichana ni vyumba viwili vya hospitali moja.

Hapo hapo nikajikuta nabishana na nafsi yangu. Je, ningependa barua iseme? Kila karani, kila mpokea faili, kila mpiga picha alisome? Siri ya CTC ilijengwa kwa sababu. Tulizika watu waliofukuzwa nyumba za kupanga kwa sababu ya karatasi iliyosomwa na asiyehusika. Ukuta ule kati ya vyumba viwili haukujengwa na wajinga.

Sijalimaliza hilo. Ninachojua ni kwamba ukuta uliojengwa kumkinga uliishia kumkinga na daktari wake.

## Yalikuja pamoja

Kilichonishangaza zaidi nilipoanza kusoma ni kwamba magonjwa haya mawili hayakuja kila moja kwa njia yake. Julai 1981 Marekani iliripoti wanaume 26 wa New York na California wenye sarkoma ya Kaposi, saratani ambayo watu wa umri wao hawakupaswa kuwa nayo. Huko ni mojawapo ya mahali UKIMWI ulipoanzia kuonekana, kabla haujapewa jina. Mwaka 1983 daktari wa upasuaji Anne Bayley, pale Lusaka, aliona Kaposi inabadilika tabia. Ile iliyozoeleka katika ukanda wetu ilikuwa ya polepole, ya miguuni, ya wazee. Sasa ilikuwa inakimbia na inaua.

Kwa hiyo saratani ndiyo iliyotangulia kubisha hodi. Fedha zilipokuja, PEPFAR mwaka 2003, zikaja kwa ajili ya virusi. Nazielewa: watu walikuwa wanakufa kwa foleni, na fedha yenye lengo moja hukimbia kuliko fedha yenye malengo kumi. Bila ule ukali wa lengo moja, mama mdogo asingefika umri wa kuugua saratani.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo linalonizuia kulalamika kwa sauti. Saratani yake kwa sehemu ni matokeo ya mafanikio. Dawa zilimpa miaka kumi na tano zaidi, na miaka hiyo ina magonjwa yake ambayo hakuna aliyeyapigia hesabu.

## Swali la jirani wa benchi

Tulikaa sana na mama mmoja wa Makambako. Alisikia lafudhi ya mama mdogo akasema "Kamwene", salamu ya kwetu, na kuanzia hapo wakawa ndugu. Saratani ile ile, hatua ile ile, hana VVU. Hakuwahi kupimwa hata mara moja mpaka alipoanza kutoka damu. Siku moja mama mdogo alimwambia kila kitu, yeye mwenyewe, bila mimi kumsukuma. Yule mama akafikiri, kisha akasema bila wivu wala matani:

"Afadhali yako basi. Ninyi mnaitwa mkapimwe. Mimi nani angeniita?"

Sikuwa na jibu, na silipendi jibu la asilimia, eti wenye VVU wana hatari zaidi kwa hiyo waanze. Ni kweli na ni haki waanze. Lakini ukimweleza hivyo mwanamke mwenye saratani kwenye benchi, unamwambia nini?

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa neno langu mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kusema, kama wanavyosema wakubwa, huduma ziunganishwe. Lakini kuziunganisha kwa nani? Ukiongeza saratani ndani ya uzio wa mradi wa VVU, umepanua uzio tu, na mama wa Makambako bado yuko nje. Zambia walilikuta swali hili mapema. Tangu 2006 vituo vya kupima mlango wa kizazi Lusaka viliwekwa ubavuni mwa kliniki za VVU na kuendeshwa kwa fedha za PEPFAR, wauguzi wakipiga picha kwa kamera za kawaida za dijitali na kuomba ushauri wa madaktari walioko mbali. Mlango wake ulipokea mwanamke yeyote. Fedha iliingia kwa jina la virusi ikahudumia na asiyekuwa navyo. Nampenda aliyekubali kusaini hesabu hizo.

## Januari ile

Tulikuwa Dar wakati Marekani ilipositisha misaada, Januari 20, 2025. Baadaye ikatolewa ruhusa kwa matibabu ya VVU ya kuokoa maisha. Mama mdogo alikuwa na dawa zake za miezi kadhaa, kwa hiyo kwetu halikutikisika kabati la dawa. Kilichotikisika ni simu.

Kuna dada pale CTC, naye anaishi na VVU, kazi yake ilikuwa kufuatilia wanaokosa kliniki. Mkataba wake ulisimama. Ijumaa ya pili ya Februari akapiga, kwa salio lake, kuuliza mionzi inaendeleaje. Akapiga tena wiki iliyofuata. Katika safari nzima, kutoka kwenye siki mpaka kwenye mionzi ya mwisho, hakuna mtu mwingine wa mfumo wowote aliyempigia mama mdogo simu kumuuliza yuko wapi.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nakitafuta. Nilidhani tofauti kati ya upande wa VVU na upande wa saratani ni dawa, au mashine, au majengo. Tofauti kubwa kwa mtu wa kijijini ni kwamba upande mmoja unakujua usipofika. Upande wa VVU ukipotea, unatafutwa. Upande wa saratani ukipotea, foleni inasogea.

Kama ningepewa fungu leo nigawe, nisingeanza na mashine, na najua mashine zinahitajika. Ningelipa kinyama kwanza, kwa kila mwanamke, mwenye kadi na asiye na kadi, kwa sababu wiki tano za kusubiri na bili ya maabara ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi kwa mganga. Halafu ningemlipa yule dada. Mshahara, salio, nauli, na ruhusa ya kuingia vyumba vyote viwili kwa idhini ya mgonjwa. Mtu mmoja mwenye daftari moja. Siri inaweza kukaa kifuani mwa mtu anayefahamika, na huko iko salama kuliko kwenye ukuta.

## Sabini kwa thelathini

Juni 2025 nilisikiliza hotuba ya bajeti kuliko nilivyowahi kusikiliza mpira. Serikali ilipendekeza tozo mpya za ndani ili tusitegemee wafadhili: asilimia 70 ya makusanyo yaende Mfuko wa UKIMWI, asilimia 30 yaende bima ya afya kwa wote. Nilifurahi, kwa moyo kabisa. Hatimaye fedha zetu, zisizozimwa na mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Usiku nikafikiri tena. Sabini ni ya virusi, thelathini ni ya mengine yote. Tumepata fedha zetu wenyewe na tumechora mstari ule ule.

Labda nakosea. Labda ile thelathini ndiyo itakayomfikia mama wa Makambako, na bima ikisimama itakuwa njia pana kuliko mradi wowote. Labda pia sabini inahitajika yote, kwa pengo lililoachwa. Wakati huo huo kwenye korido za CTC kunasemwa kwamba huduma zitahamia kwa wagonjwa wa nje, mstari mmoja na wenye mafua, na watu wanaogopa. Wanajua ni wapi katika hospitali ile simu hupigwa na ni wapi haipigwi. Kuunganisha kunaweza kuwa kumpandisha wa saratani afike alipo wa CTC. Kunaweza pia kuwa kumshusha wa CTC. Yote mawili yanaandikwa kwa neno moja kwenye makabrasha, na kwenye bajeti la pili ni rahisi zaidi.

## Pembeni mwa kadi

Mama mdogo amemaliza mionzi. Anarudi Dar kuangaliwa kila wanapomwita. Amenenepa kidogo, amerudi kwenye viazi vyake, na ameniambia bahari anaikumbuka.

Mwezi uliopita nilimsindikiza CTC. Aliyekuwa zamu ni yule yule muuguzi wa pazia. Alisoma karatasi za Dar zote, taratibu, akiuliza hapa na pale. Halafu akaichukua kadi ya CTC akatafuta mahali pa kuandika. Kadi ina safu ya uzito, ya kifua kikuu, ya uzazi wa mpango, ya tarehe ya kurudi. Saratani haina safu.

Akaigeuza, akaandika pembeni, wima, kwa herufi ndogo: saratani ya mlango wa kizazi, mionzi imeisha, tenofovia imeondolewa, angalia figo.

Kalamu yake iliishia njiani. Mama mdogo akamwazima yake.